Uko na hakika? Neno moja juu ya imani, mashaka na mabishano yetu



Mwaka jana, jioni moja ya mvua, tulikuwa watu wanne katika chumba cha kupanga huku Kadutu, mjini Bukavu. Umeme ulikuwa umekatika, mshumaa mezani, bugali na sambaza ziko tayari. Tukaombea chakula. Mwenzetu mmoja, aliyesoma matematika, hakufumba macho. Mwingine, mwimbaji wa koro, akamuona. Namna gani alimuona kama yeye mwenyewe alikuwa amefumba yake, sijui, lakini alimuona. Basi mambo ikaanza.

"Kama Mungu iko, leta ushahidi."

"Wewe njo ulete ushahidi kama hayuko!"

Walibishana karibu saa tatu. Sambaza ikapoa. Hakuna aliyesogea hata hatua moja. Na hao wawili walikuwa marafiki tangu G1, walikuwa wanapanga kile chumba pamoja, wanagawana pesa ya nyumba na makala. Mwisho wa mwezi, yule wa matematika alibeba godoro lake akahama. Mpaka leo wanasalimiana kwa kichwa tu.

Ile jioni waliniuliza: "Na wewe, agronome, unasema nini?" Nikajibu kwamba nilikuwa nakula. Tulicheka kidogo, ikapita. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Wote wawili walikuwa wanasema "niko na hakika", na hilo neno hakika liliisha kunigharimu nyumbani kwetu. Habari yenyewe nitaileta chini. Kwanza nieleze kile ninachofikiri kilitokea pale mezani, juu ninaona kinatokea kila fasi wasomi wanapokutana.

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Kiswahili kinatumia neno "kuamini" kwa mambo mawili yasiyofanana. Ninaweza kuamini kwamba kesho mvua itanyesha. Ninaweza pia kumwamini mama yangu. Ile ya kwanza ni habari: ni kweli ao si kweli, na kesho jioni tutajua. Ya pili ni mtu: ninajiweka mikononi mwake. Ndiyo maana imani iko na ndugu zake, amana na uaminifu, yote maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu. Amana ni kitu unachomwachia mtu akutunzie. Mwaminifu ni yule anayekirudisha.

Sasa rudi mezani. Wa matematika aliuliza swali la kwanza, la habari: je, Mungu yuko? Wa koro alijibu la pili: mimi ninamwamini, ameninusuru, siwezi kumuacha. Kila mmoja aliona mwenziwe anakwepa, kumbe hawakuwa juu ya swali moja. Lakini tusimpendelee mtu. Wa matematika angeweza kusema: huwezi kumwachia amana mtu ambaye hujui kama yuko. Na hapo ana haki. Swali la pili halifuti la kwanza, linalijenga juu yake tu.

Jambo lingine tunalochanganya ni kuamini na kujua. Mwaka 1869, Mwingereza Thomas Henry Huxley, mtaalamu wa viumbe na mtetezi mkubwa wa Darwin, alitunga neno agnostiki, juu aliona watu wa pande zote mbili wanadai kujua, na yeye hakuona namna ya kujua. Hapa kwetu tunamchukua agnostiki kama mtu aliyekaa katikati, hajui aende kanisani ao abaki kitandani. Lakini ukichunguza vizuri, maswali ni mawili. Moja ni: unaamini? Lingine ni: unajua? Yuko anayeamini na anasema anajua. Yuko anayeamini na anakubali kwamba hajui. Yuko asiyeamini na anasema anajua kwamba hakuna Mungu. Na yuko asiyeamini ambaye anasema tu: bado sijaona sababu ya kutosha. Huyu wa mwisho tunampiga bure kila siku, tunamdai ushahidi wa jambo ambalo hakulisema.

Basi nani alete ushahidi? Mwaka 1952, mwanafalsafa Bertrand Russell aliandika mfano wa birika la chai linalozunguka jua kati ya dunia na Mars, dogo mno, hakuna darubini inayoweza kuliona. Hauwezi kuonyesha kwamba haliko. Je, hiyo ni sababu ya kuamini kwamba liko? Russell alisema hapana: anayeleta habari ndiye abebe mzigo wa kuionyesha. Sisi wa agronomia tunaishi na kanuni hiyo. Mtu akikuletea mbolea mpya na kusema inaongeza mavuno, unaanza kwa kudhani haiongezi kitu, mpaka shamba liseme vingine. Kwa hiyo mtu wa koro alipojibu "wewe leta ushahidi kama hayuko," alikuwa anarusha mzigo wake kwa jirani.

Lakini kanuni hiyo ina mpaka wake, na wa matematika aliuruka. Kutokuona kitu ni ushahidi wa kutokuwepo tu kama ungetazamia kukiona. Ukiniambia kuna ng'ombe ndani ya hiki chumba, nikatazama nisimuone, kesi imeisha. Ukiniambia kuna bakteria ndani ya mgomba huu wenye majani mabichi, nikatazama nisione kitu, kesi haijaisha, maana bakteria anaweza kukaa ndani siku nyingi mbele ya jani kugeuka rangi. Basi swali gumu ni hili: kama Mungu yuko, tungetazamia kuona nini? Asiyeamini wa Kivu anaweza kusema: nilitazamia kuona ulinzi, nimeona makaburi. Hilo ni neno zito, lisijibiwe na wimbo. Mwamini anaweza kusema: Mungu ninayemwamini hakuahidi kuwa mlinzi wa lango, aliahidi kuwa pamoja nasi. Hilo nalo ni neno, lakini mwenye kulisema akubali kwamba anapunguza kile tunachoweza kupima. Hawezi leo kusema Mungu hapimwi, na kesho asimame kanisani aseme "niliomba, gari halikuanguka, huo ndio ushahidi."

Na hapa nataka kusema kidogo juu ya ushuhuda. Wenye kusoma agronomia kwa Kifaransa wanajua kwamba katika jaribio la shamba kuna kipande usichotia dawa wala mbolea, na kinaitwa témoin, yaani shahidi. Bila shahidi huyo, mavuno yakiwa mazuri haujui kama ni mbolea ao ni mvua. Kanisani pia tunatoa ushuhuda, lakini shahidi wetu ni wa namna nyingine: anasema yaliyompata yeye tu. Hatumuoni yule aliyeomba vilevile na hakupona, maana yeye hapandi kwenye maikro. Sisemi kwamba ushuhuda ni uongo. Ninasema hauwezi kufanya kazi ya jaribio. Unaweza kunionyesha wewe ni mtu wa namna gani na kile unachokitegemea, na hiyo si kidogo.

Sasa nilete ile habari ya nyumbani.

Mama yangu ana shamba la migomba upande wa Kalehe. Ndizi za kupika kidogo, nyingine zote za kukamua kasiksi. Ile pombe ndiyo iliyonisomesha. Nilipokuwa L1, ugonjwa wa mnyauko wa bakteria uliingia pale kwetu. Hapa Kongo ugonjwa huo ulijulikana kwanza Masisi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha ukashuka kusini. Majani yanageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva mbele ya wakati, ukikata shina linatoa uji wa rangi ya manjano. Unapita kwa panga la mtu aliyekata mgomba mgonjwa kisha akakata mzima, na kwa wadudu wanaotembelea lile ua la chini la mkungu.

Nilifika nyumbani na daftari langu. Migomba michache ilikuwa migonjwa, upande wa chini. Nikamwambia mama kile nilichofundishwa: tung'oe kila shina lenye mgomba mgonjwa, pamoja na watoto wake wote, na mashina ya jirani pia, tuzike. Alinitazama muda mrefu akauliza:

"Mwanangu, uko na hakika?"

Nikajibu: "Mama, asilimia mia."

Tuling'oa karibu nusu ya shamba. Nilikuwa nashinda na jembe, ninajisikia msomi. Mwaka uliofuata kasiksi ilikuwa kidogo sana, na mdogo wangu alikaa nyumbani mwaka mzima bila shule.

Nilipofika L2, tulisoma kazi za watafiti waliofuata ugonjwa huo, wengine hukuhuku Kivu. Waliona kwamba bakteria hafiki kwa watoto wote wa shina moja. Wengi wanabaki wazima. Kwa hiyo, kama ugonjwa si mwingi, inatosha kukata ule mgomba mgonjwa peke yake kwenye usawa wa udongo, kupitia shamba tena na tena, kuvunja ua la chini kwa kijiti chenye panda, na kupitisha panga kwenye moto ao kwenye maji ya javel. Shamba linapona polepole na familia inaendelea kula.

Nilisoma ile karatasi na mikono ikaniishia nguvu. Walimu wangu hawakunidanganya, walisema kile kilichojulikana wakati wao. Mimi ndiye niliyeongeza asilimia mia. Hakuna aliyenifundisha asilimia mia. Tangu Ronald Fisher, aliyefanya hesabu za majaribio ya shamba kule Rothamsted, Uingereza, na kutoa kitabu chake mwaka 1925, sisi tunafanya kazi na asilimia 5: tunakubali mbele ya watu kwamba hata kama mbolea haifanyi kitu, bahati tupu inaweza kutudanganya mara 5 kwa 100. Nilijua hayo, niliyaandika kwenye mtihani. Lakini mbele ya mama nilitaka kuonekana mkubwa.

Nikaenda kumwambia. Alikuwa anapepeta maharagi. Nikaeleza yote. Hakusimamisha ungo. Akasema:

"Nilijua hauna hakika. Ulikuwa unasema kwa nguvu sana. Nilikuamini wewe, sikuamini ile mia yako."

Kisha akanipeleka nyuma ya jiko. Kulikuwa na shina moja ambalo nilikuwa nimeamuru ling'olewe. Alikuwa ameliacha bila kuniambia. Lilikuwa na watoto watatu, wazima.

Wenzangu, kama agronome ni lazima niongeze: shina moja si jaribio. Labda lilikuwa na bahati. Halionyeshi kwamba mama alijua kuliko karatasi yangu. Lakini lilinifundisha kwamba mtu anaweza kukuamini, kukufuata, na bado kubakiza mashaka nyuma ya jiko. Na mashaka hayo hayakuwa dharau. Yalikuwa akiba.

Ndipo nilipoelewa kwamba hakika ni hisia. Inaweza kukaa juu ya ushahidi mwingi, inaweza kukaa juu ya ushahidi kidogo, na mwenyewe ndani ya moyo hatofautishi. Mapadri na mapasta hawako peke yao katika ugonjwa huo. Ni kweli, mwaka 1633 Kanisa lilimhukumu Galileo kwa kusema dunia inazunguka jua, na ilikuwa 1992 Papa Yohane Paulo II alipokubali waziwazi kwamba kulikuwa na kosa. Lakini angalieni pia Urusi ya Kisovieti, serikali iliyojivunia kutokuwa na dini. Trofim Lysenko, mtu wa kilimo kama sisi, alikataa sheria za urithi za Mendel, na wakubwa wakampenda. Nikolai Vavilov, aliyezunguka dunia akikusanya mbegu ili kupigana na njaa, alimpinga. Alikamatwa mwaka 1940, akafa gerezani Saratov mwaka 1943, mwili umedhoofika kwa njaa. Mwaka 1948 fundisho la jenetiki likapigwa marufuku. Hapo hakukuwa na Biblia wala Kurani mezani. Kulikuwa na hakika peke yake, na bunduki nyuma yake.

Kinyume chake ni Georges Lemaître, Mbelgiji, padri na mwanafizikia wa Louvain, chuo kilekile kilichozaa Lovanium ya Kinshasa mwaka 1954. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kwa kitu kimoja kidogo sana kilichopasuka. Mwaka 1951 Papa Pius XII alisema maneno yaliyokaribia kuifanya elimu hiyo kuwa ushahidi wa Muumba. Wengi wetu tungepiga vigelegele. Lemaître hakufurahi. Kwake, nadharia ya fizikia ibaki fizikia. Aliamini, akapima, na hakuazima hakika ya upande mmoja kulipa deni la upande mwingine.

Na mashaka je? Hapa kwetu kijana akisema "niko na mashaka", wanamfungia maombi ya siku tatu. Lakini al-Ghazali, mwalimu mkubwa wa Uislamu aliyefariki mwaka 1111, aliandika mwenyewe kwamba alipitia karibu miezi miwili ya mashaka makali, hata akili na macho hakuviamini tena. Mama Teresa wa Calcutta, barua zake zilizotolewa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kufa kwake, zilionyesha kwamba kwa miaka mingi sana hakusikia uwepo wa Mungu moyoni. Aliendelea kuwaosha wagonjwa. Mmoja aliona mashaka yakipita, mwingine alitembea nayo. Wote wawili watu wanawaita watakatifu ao mahodari wa dini. Kwa hiyo mashaka si kinyume cha imani. Kinyume cha mashaka ni hakika, na hiyo ni habari nyingine.

Mutaniuliza: sasa tukae tu na mashaka, tusifanye kitu? Hapana. Hapo kuna mabishano ya zamani ambayo yanatufaa. Mwaka 1877, Mwingereza William Clifford aliandika juu ya mwenye meli ambaye chombo chake kilikuwa kizee. Alikuwa na mashaka, lakini akayafukuza, akajiaminisha kwamba Mungu atawalinda abiria. Meli ikazama. Clifford alisema mtu huyo ana hatia hata kama imani yake ilikuwa ya kweli moyoni, na angekuwa na hatia hata kama meli ingefika salama, juu hakuwa na haki ya kuamini vile. Sisi watu wa Ziwa Kivu, tunaopanda boti zilizojaa kupita kipimo, hatuhitaji kufafanuliwa. Mwaka 1896, Mmarekani William James akamjibu kwamba kuna maamuzi ambayo hayangojei ushahidi wote, na kungoja nako ni kuamua. Kuoa, kwa mfano. Ukitaka ushahidi kamili kwamba mchumba hatakuacha, utazeeka peke yako na faili lako.

Mimi naona wote wawili wana haki, na tofauti iko kwa swali moja: nani atalipa nikikosea? Kama ni mimi, James aniongoze. Kama ni abiria, ao mdogo wangu anayekosa shule, Clifford asimame mlangoni. Pasta anayesema "acha dawa, umepona," anacheza na mwili wa mwingine. Msomi anayemcheka mama yake mbele ya wageni juu ya rozari yake, naye anabomoa nyumba ambayo hakaimo.

Basi nikialikwa tena kwenye mabishano ya namna hiyo, nitauliza mambo manne mbele ya sambaza kupoa. Tunazungumzia kuamini habari, ao kumwamini mtu? Toka sifuri mpaka kumi, hakika yako iko wapi leo, si siku ya ubatizo? Ni kitu gani kingekusogeza hata nusu hatua? Na ukikosea, nani analipa? Mtu akijibu la tatu kwa kusema "hakuna kitu," tumalize chakula, tuzungumze juu ya mpira.

Ni haki na mimi nijibu. Ninaamini. Siku nyingi niko sita, kuna siku za nne, na wakati wa mazishi fulani nilishuka mpaka moja. Sijui kama Mungu yuko kwa namna ninavyojua uchachu wa udongo. Ninamwamini kwa namna mama alivyoniamini mimi, na nimebakiza shina langu nyuma ya jiko.

Wiki iliyopita nilimpigia yule wa matematika, nikamuomba anisaidie hesabu za jaribio la maharagi. Alikubali. Nikamwambia kwamba wa koro ndiye anayeshika daftari la vipimo. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Vipimo vyake viko sawa?"

Nikamjibu kwamba kwa asilimia mia siwezi kusema, aje aangalie mwenyewe. Akasema Jumamosi atakuja.